Nataka kumpiga babu picha ya nyeusi na nyeupe yenye uzito, kila nikijaribu inatoka kijivu

Mjukuu wa Igogo

Habari za jioni wakuu. Wazee mliomo humu, shikamooni.

Naomba nieleze kwa urefu kidogo ili anayejua anisaidie vizuri. Babu yangu mzaa mama ana miaka 78. Kwao ni Ukerewe. Alianza na sato, akaja sangara, akamalizia na dagaa kule Igombe, na sasa magoti yamekataa mtumbwi, kwa hiyo anashona nyavu za watu nyumbani kwetu Igogo, hapa Mwanza. Katika maisha yake yote ana picha moja tu anayoithamini. Alipigwa studio hapa mjini mwaka 1967, kijana wa miaka ishirini, shati jeupe, mkono mmoja juu ya stuli, nyuma kuna pazia lililochorwa minazi. Ni nyeusi na nyeupe. Imepasuka kona moja lakini uso uko palepale: kivuli kimelala upande mmoja wa pua, kila jicho lina nukta yake ya mwanga, na shati ni jeupe ila mikunjo yake unaihesabu.

Nataka kumpiga nyingine ya kutundika kando ya hiyo. Nimejaribu mara tatu na mara tatu nimeshindwa.

Mara ya kwanza nilimpeleka Mwaloni Kirumba, nikijua hapo pana mitumbwi na nyavu na dagaa wameanikwa, picha itajipiga yenyewe. Ilikuwa saa saba mchana. Amevaa kofia yake ya pama. Macho hayaonekani kabisa, ni mashimo mawili meusi, na anga nyuma yake imekuwa karatasi nyeupe. Mara ya pili nilimpiga ndani kwa flashi ya kamera. Uso ukawa bapa kama picha ya kitambulisho, na kivuli chake kimeganda ukutani nyuma ya sikio. Mara ya tatu nikazima flashi, nikawasha taa ya dari, kisha nikaondoa rangi kwenye kompyuta. Nilichopata ni uji wa ulezi: uso kijivu, ukuta kijivu, koti kijivu.

Kamera ni Canon 60D niliyoinunua kwa mtu, na lenzi ya milimita 50 inayofunguka hadi f/1.8, yaani tundu lake ni pana, inaingiza mwanga mwingi. Sina taa za studio wala mwavuli. Sebule yetu ina mlango mmoja unaotazama ziwani, dirisha dogo la nondo lenye wavu wa mbu, na kuta za rangi ya samawati. Urefu wake ni kama mita nne kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma.

Nakosea wapi?

Fundi wa Chumba cha Giza

Marahaba mwanangu. Mwangaluka.

Mimi nimesafisha picha katika mji huu tangu 1979. Nilikaa chumbani chini ya taa nyekundu, maana karatasi ya picha za nyeusi na nyeupe haioni wekundu, nikizamisha uso baada ya uso kwenye dawa mpaka mashine za rangi zilipotufungia mlango. Kwa hiyo ile picha ya babu yako ya 1967 naijua hata kabla sijaiona. Aliyeipiga alikuwa na taa moja kubwa upande mmoja, na pengine ndogo ya kusaidia. Na alijua aiweke wapi.

Kosa lako ni moja tu, umelirudia kwa njia tatu. Unatafuta mwanga wa kutosha. Picha ya namna hii inataka mwanga unaotoka mahali pamoja, na kila kisichotakiwa kuonekana kiachwe gizani. Flashi iliyokaa juu ya lenzi inafukuza vivuli vyote kutoka usoni, na bila kivuli pua haina urefu, shavu halina mfupa. Taa ya dari nayo inamwaga mwanga kila mahali, unagonga kuta na kurudi. Ukiondoa rangi hapo unabaki na nini? Rangi ndiyo iliyokuwa ikitenganisha koti na ukuta. Katika nyeusi na nyeupe vitu hutenganishwa na mwanga na giza, basi.

Saa saba mchana kwetu usijaribu. Tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, na saa zetu ni zilezile za Dar ingawa sisi tuko mbali magharibi, kwa hiyo jua la Mwanza linafika juu kabisa kama saa saba kasoro, si saa sita. Hasa Machi na mwishoni mwa Septemba linakusimamia utosini. Paji la uso linakuwa paa, macho yanakaa chini ya paa hilo. Kofia ikiongezeka ndiyo mwisho.

Sasa fanya hivi. Zima umeme. Dirisha lifunike kwa blanketi zito. Bakiza mlango peke yake. Weka kiti kama mita moja ndani ya mlango, pembeni, mlango uwe mkono wa kulia wa babu. Wewe simama ndani, mgongo wako usizibe mlango, na ukuta wa nyuma uwe mbali naye kadiri chumba kinavyoruhusu. Mwanga hufifia haraka ukiondoka ulikotoka: umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inabaki robo. Kanuni hiyo ni ya taa ndogo kama balbu, kwa mlango mpana haiendi sawasawa hivyo, lakini mwendo ni uleule. Babu akiwa karibu na mlango na ukuta ukiwa mbali, ukuta wako wa samawati utajizamisha gizani wenyewe. Hutahitaji kitambaa cheusi.

Kisha kamata kidevu chake kwa maneno, si kwa mkono. Mwambie atazame mlangoni, halafu arudishe uso polepole kuelekea kwako. Wewe tazama shavu la kushoto, lile lililo kivulini. Litakuwa jeusi tupu, kisha kivuli cha pua kitashuka na kukutana na kivuli cha shavu, na hapo chini ya jicho itabaki pembetatu ndogo ya mwanga. Mwambie "hapohapo babu". Wachoraji wa Ulaya waliijua pembetatu hiyo kabla kamera haijabuniwa. Mholanzi Rembrandt, aliyezaliwa 1606 na kufa 1669, aliichora sana hadi wapiga picha wakaipa jina lake. Pembetatu isizidi upana wa jicho wala isishuke kuliko pua. Ikipotea, jicho la kushoto limekufa. Ikipanuka sana, umerudi kwenye picha ya kitambulisho.

Halafu mita ya kamera, kile kipimo chake cha mwanga. Mita haijui babu ni nani. Imefundishwa kwamba dunia nzima, ukiichanganya, ni kijivu kinachorudisha asilimia 18 ya mwanga. Ukiielekeza kwenye chumba chenye giza itadhani umekosea, itaongeza mwanga mpaka giza liwe kijivu. Uji wako wa ulezi umepikwa hapo. Pima uso wake tu, upande wenye mwanga, na kwa ngozi nyeusi kama ya kwetu punguza kidogo kutoka pale mita inapokuambia. Kisha weka namba kwa mkono zisibadilike tena.

Kabla sijaendelea nijibu: mbele ya mlango wenu kuna nini? Ua, ukuta wa jirani, au ziwa tupu?

Kijana wa Nyakato

Fundi amemaliza. Niongeze kwa wasio na kamera, maana wengi tunatumia simu. Usimsogelee mtu na lenzi pana ya simu, pua inakuwa kubwa na masikio yanakimbia nyuma. Rudi hatua mbili, tumia ukuzaji wa mara mbili. Gusa na ushikilie uso kwenye kioo mpaka ijifunge, kisha teremsha mwanga kwa kidole mpaka upande wenye mwanga uonyeshe vinyweleo. Na ile hali ya kufifisha nyuma izime: inakula ukingo wa kofia na mvi za pembeni. Ukiwa na giza la kweli nyuma huna haja ya giza la kompyuta.

Mjukuu wa Igogo

Asante sana mzee wangu, na wewe kaka. Mlango unatazama magharibi. Mbele kuna kiuwanja cha kama hatua sita, halafu jabali. Mnaijua Igogo, nyumba zimeingia katikati ya mawe. Jabali hilo ni kubwa kuliko nyumba, linaziba ziwa nusu. Asubuhi mlangoni hakuna jua, linatokea nyuma ya nyumba. Jioni kuanzia saa kumi linaingia ndani mpaka katikati ya sebule. Nilifikiri jioni ndiyo bora, mwanga wa dhahabu.

Fundi wa Chumba cha Giza

Mwanangu, una studio na hujui.

Jabali hilo uso wake mmoja unatazama mlango wenu, yaani unatazama mashariki. Asubuhi jua likishapanda juu ya paa linaligonga usoni. Mawe yetu ya Mwanza ni ya kijivu cheupe, yanarudisha mwanga vizuri. Kwa hiyo kwa saa mbili hivi una ukuta mkubwa unaong'aa mbele ya mlango, na mlango wenyewe uko kivulini. Mwanga utaingia ndani ukiwa mpana, laini, na bado unatoka upande mmoja. Watu wananunua vitambaa na mabati ya kurudishia mwanga kutafuta hicho.

Jioni jua likiingia moja kwa moja litamfanya akunje uso. Na dhahabu unayoisema ni rangi, na wewe rangi umeikataa. Katika nyeusi na nyeupe dhahabu ni kijivu kingine.

Nenda kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Kaa mlangoni siku moja kabla bila kamera, na kiti kitupu, uangalie tu jabali linawaka saa ngapi.

Dada wa Kitangiri

Wakuu salaam. Fundi shikamoo. Napiga harusi na send-off kwa riziki, lakini sura za watu ndizo ninazozipenda, na hapa kuna jambo halijasemwa.

Mjukuu, umeandika "yenye uzito". Nimeona picha nyingi sana za wazee wa ziwani zenye uzito wa namna moja: mzee amevuliwa shati, mwanga mkali wa pembeni umechimba kila kunyanzi, kisha mhariri ameongeza kontrasti, ile tofauti ya weupe na weusi, mpaka ngozi imekuwa gome la mti. Hizo zinasifiwa mtandaoni, ila nimeshakaa na mama mmoja aliyepigwa hivyo, akaniambia "mwanangu, wamenifanya nionekane nina njaa." Sijaisahau kauli hiyo, na tangu siku hiyo kabla ya kuwasha kamera nauliza mtu anataka kuonekanaje.

Umemuuliza babu? Ile ya 1967 alivaa alichochagua mwenyewe. Seydou Keïta alifungua studio Bamako, Mali, mwaka 1948, akapiga watu kwa mwanga wa jua uani kwake, nyuma wakati mwingine shuka tu la kitandani. Watu walikuja na nguo zao bora, na yeye akawa na vitu vya kuwaazima, saa, redio, hata skuta. Mara nyingi alibonyeza mara moja tu. Ukizitazama leo hakuna mtu anayehurumiwa mle ndani. Uzito wake unatoka kwenye namna watu walivyokaa.

Kuhusu ngozi. Ngozi nyeusi unaionyesha kwa mng'ao. Usiongeze mwanga jumla, utaipata imepauka kama imepakwa majivu. Mpake babu mafuta kidogo sana kwenye mifupa ya mashavu na paji la uso, yale anayopaka siku zote, kisha sogeza kiti taratibu mpaka uone mng'ao wa mlango umelala juu ya mfupa kama mstari mrefu. Mwanga mpana wa jabali utaufanya mng'ao huo uwe mpole. Mwanga mdogo mkali ungeufanya nukta nyeupe za jasho.

Ukija kuondoa rangi, usibonyeze kitufe kimoja. Piga faili ghafi (RAW), lile ambalo kamera haijalipika, halafu kwenye programu tafuta sehemu ya kuamua kila rangi iwe nyeupe au nyeusi kiasi gani. Ngozi yetu imejaa wekundu na rangi ya chungwa. Ukipandisha hizo, uso unang'aa na kunyanzi zinalainika, na ukizishusha uso unakuwa mzito na kila alama inatokea. Wa zamani walifanya hivyo kwa kuvisha lenzi kioo cha rangi, chekundu au kijani. Nenda kidogokidogo. Na kuta zenu za samawati ni bahati: shusha buluu, ukuta unazama bila kumgusa babu.

Sasa mpangilio. Kamera iwe usawa wa macho yake au chini kidogo. Ukimpiga kutoka juu mzee anakuwa mtoto. Lenga jicho lililo karibu nawe. Giza liache kubwa upande anakotazama, asibanwe na ukingo. Na mikono, tafadhali usiikate! Mtu aliyeshona nyavu miaka yote hiyo mikono yake ni uso wa pili. Ikiwa itaingia, iingie mizima, usikate kwenye kiwiko wala kwenye vifundo vya vidole. Ikiwa haitaingia, ikae mbali kabisa.

Mvuvi wa Kayenze

Mbona hakuna anayetaja karabai? Babu ni mtu wa dagaa, na dagaa wanavuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, kwa taa. Mpige usiku ufukweni na karabai yake. Siku hizi wengi tumehamia taa za sola, lakini karabai bado zipo, nina mbili. Hapo ndipo utapata mwanga na giza la kweli.

Fundi wa Chumba cha Giza

Ni wazo zuri kaka, na nyeusi na nyeupe inasaidia kwa jambo moja: manjano ya karabai na weupe wa sola havigombani, vyote vinakuwa mwanga tu. Ila kwenye mtumbwi karabai inakaa chini ya uso. Mwanga ukitoka chini, kivuli cha pua kinapanda juu na macho yanageuka. Tumezoea jua kutoka juu, kwa hiyo uso huo unatisha, watoto watasema babu ni jini. Itundike mtini, juu kidogo ya kichwa chake na pembeni, hatua mbili kutoka kwake. Na mwambie asitikisike, mwanga ule ni mdogo. Kwa picha ya ukutani mimi bado nachagua mlango.

Mjukuu wa Igogo

Ndugu zangu, nimerudi. Nilikaa kimya siku kumi kwa sababu nilitaka nirudi na picha, si na maneno.

Kwanza nilifanya alivyoagiza fundi, nikakaa na kiti kitupu. Jabali lilianza kushika jua saa tatu kasoro robo, juu kabisa, kama mstari. Saa tatu na nusu lote lilikuwa linawaka na mwanga ukawa unaingia ndani mpaka kwenye kiti. Miaka yote nimepita pale nikienda kazini na sijawahi kuona kwamba saa hiyo mlango wetu unang'aa bila jua kuugusa. Saa tano na robo jua lilipanda sana, uso wa jabali ukaanza kufifia na kwenye kiuwanja mbele ya mlango ikatokea alama kali ya jua. Kwa hiyo nafasi ilikuwa na urefu wa saa mbili kasoro robo hivi.

Nikamuuliza babu alivyosema dada. Nilikuwa nimeshapanga kichwani avae fulana yake iliyotoboka na nyavu begani. Akaniambia atavaa koti. Koti jeusi la harusi ya mama yangu, na shati jeupe limefungwa mpaka juu, bila tai. Kofia akaikataa mwenyewe. Akasema, "ile ya kwanza sikuvaa kofia." Nyavu akakubali, lakini akataka ile sindano ya kushonea tu, aishike, kwa kuwa nyavu zilizopo ni za mteja.

Tulianza Jumamosi saa tatu na nusu. Blanketi dirishani, umeme umezimwa. Lenzi f/2.8, kasi 1/125 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kudaka mwanga) 400, zote nimeziweka kwa mkono na sikuzigusa tena mpaka mwisho. Mita ilikuwa inapiga kelele kwamba ni giza. Nilitetemeka kidogo kuiacha, lakini nilipotazama upande wa kulia wa uso wake kwenye kioo nikaona ngozi kama ilivyo, ile ninayoijua.

Pembetatu ilinisumbua. Kila nikimwambia ageuke aligeuza kifua chote. Mwishowe nikafanya ujinga uliosaidia: nilimwambia mpwa wangu asimame pale ninapotaka babu atazame, amuulize habari za Ukerewe. Akawa anazungumza na mtoto, shingo imelegea, na pembetatu ikaja na kuondoka kama kitu kinachopumua. Nikawa nabonyeza ikija.

Shida ambayo hakuna aliyeniambia ni koti. Jeusi juu ya giza. Kichwa kilikuwa kinaelea, mabega hayapo. Nilitaka kuwasha taa ya nyuma nikakumbuka maneno ya fundi, mwanga mmoja. Shangazi ndiye aliyeleta sinia la chai, lile la aluminiamu. Tulilisimamisha juu ya ndoo nyuma ya bega lake la kushoto, nje ya picha, likaudaka mwanga wa mlango na kumrudishia uzi mwembamba kwenye bega na ukingo wa mkono. Uzi tu. Koti likapata mwisho wake. Nililisogeza mara nne hivi maana likikaa vibaya linamulika sikio kama tochi.

Nilipiga 41. Iliyobaki ni ya 33. Jirani alikuwa anapita nje akaita hodi, babu akainua macho kuelekea mlangoni bila kugeuza kichwa. Midomo imefunguka kidogo kama mtu anayetaka kuitikia. Jicho la kulia lina mlango mzima ndani yake, ukiikuza unaona na jabali. Mikono iko chini kushoto, mizima, sindano ya nyavu imelala kati ya vidole. Giza lote liko kulia, nusu ya picha. Niliposhusha buluu ukuta ukatoweka kweli. Rangi ya chungwa niliipandisha kidogo, kisha nikairudisha, kwa sababu kovu lake la kidevuni, la ndoano ya mwaka 1983, lilikuwa linapotea na yeye hulisimulia kila akinyoa.

Nilimwonyesha kwenye kompyuta. Alikaa muda mrefu. Akaomba ile ya 1967 iletwe, akaiweka pembeni ya kioo, akawa anatazama moja kisha nyingine. Halafu akauliza, "Sikio langu la kushoto liko wapi?"

Liko kivulini, upande ule ndio uliogeukia kamera lakini mwanga haukufika. Nilimweleza. Akasema ameelewa, ila katika ile ya kwanza masikio yote mawili yapo.

Sasa sijui nifanye nini. Kwangu giza lile ndilo linaloifanya picha isimame. Nikilifungua naogopa kurudi kwenye uji. Fundi, dada, mnasemaje?

Dada wa Kitangiri

Nimeitazama uliyoituma. Nimesimama jikoni nayo mpaka chai imemwagika. Uzi wa sinia ni kazi nzuri mno.

Mpe sikio. Picha ni ya ukuta wake.

Fundi wa Chumba cha Giza

Mwanangu, nimeiona. Sina cha kukusahihisha usoni.

Sikio halijapotea. Kwenye faili ghafi limo, limelala chini. Sisi tulikuwa tunafanya hivi: karatasi ikiwa chini ya mashine ya kukuzia picha, unakata kipande kidogo cha kadibodi chenye umbo la sikio, unakibandika kwenye waya, na wakati mwanga unapita unakitikisa juu ya mahali hapo kwa sekunde mbili tatu. Karatasi ikipata mwanga kidogo, sehemu hiyo haikolei weusi. Ukitikisa vizuri hakuna mpaka. Kwenye programu yako ipo brashi inayofanya kazi hiyohiyo. Iweke laini, nguvu ndogo, pita kwenye ukingo wa juu wa sikio na ncha ya chini, katikati paache. Usifungue shavu wala shingo. Atakayelitafuta sikio atalipata, asiyelitafuta hataliona.

Na utakapokwenda kuchapisha, angalia sana. Mashine nyingi za hapa mjini zinachapisha nyeusi na nyeupe kwa wino au karatasi ya rangi, na inatoka na ukijani au uzambarau kidogo. Omba kwanza kipande kidogo cha jaribio, upana wa vidole vinne, sehemu yenye uso na giza pamoja. Kitoe nje mlangoni, kiweke kando ya ile ya 1967 kwenye kivuli, si chini ya taa ya dukani. Ukiona ukijani, mrudishie, atengeneze upya kabla hujalipia kubwa. Karatasi chukua isiyong'aa, maana sebule yenu ina mlango mmoja na jioni jua litaipiga moja kwa moja ukutani.

Mjukuu wa Igogo

Nimepitisha brashi usiku huu. Sikio lipo. Nimemwita babu aje aone, amelala, nitamwonyesha asubuhi kabla jabali halijaanza kuwaka.

Jaribio nalipeleka kuchapishwa Jumatatu.